Muswada Mtupu wa Eufelia Mondragón

Theluji ilikuwa haba mwaka ule, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlijue kuhusu Eufelia Mondragón, ingawa yeye na theluji hawakuwa ndugu. Katika bonde letu la Rincón Pardo theluji ya mlimani ndiyo mvua yetu. Huyeyuka majira ya kuchipua, hushuka mtoni, mto huingia mferejini, na mfereji hupita nyuma ya nyumba zetu, kila mmoja akifungua kijilango chake kwa zamu. Bila mfereji huo hakuna pilipili, hakuna mahindi, hakuna matufaha, na sisi tungekuwa tumehamia mjini zamani kutandika vitanda vya hoteli. Mwaka ule milima ilikuwa na vipara tangu Februari. Watu waliitazama na kubadilisha mazungumzo.

Mimi naitwa Bernadita Quintana. Nina saluni ya chumba kimoja kando ya barabara, na mikono hii imeosha vichwa vya karibu wanawake wote wa bonde, wema kwa wabaya. Eufelia alikuwa mteja wangu kabla hajawa mtu wa kutajwa redioni. Bunge la jimbo letu hukutana majira ya baridi tu na halilipi mshahara, wabunge hurudi kwenye shughuli zao likivunjwa. Kwa hiyo kila Januari nilifunga saluni nikaenda naye mji mkuu kuwa karani wake. Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe.

Alikuwa binti wa Onésimo Mondragón, mchunga kondoo aliyezungumza zaidi na mbwa wake kuliko na mkewe. Alikwenda kusomea sheria mbali, akarudi na gari ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, akapanga ofisi katika chumba kilichokuwa bucha. Ndoano za nyama zilibaki darini. Wateja walikaa chini ya ndoano hizo wakieleza shida zao, na Eufelia alisema zinawasaidia watu kusema kweli. Walimlipa kwa kuni, kwa matufaha, na mara moja kwa mbuzi, ambaye kabla ya jioni alikuwa ameshakula nusu ya faili la aliyemleta.

Kampuni moja ilipotaka kujenga hoteli ya watu wanaoteleza kwenye theluji, na kuvuta maji yetu hadi kwenye mabwawa yao ya kuogelea, Eufelia hakuishia kuandika barua. Aliwapanga akina mama wakae kwenye ukingo wa mfereji mbele ya tingatinga, naye akakaa katikati yao na viatu vyake vya mahakamani. Dereva wa tingatinga alikuwa mpwa wa mmoja wao. Alizima injini akaomba kahawa. Kesi aliyoifungua tukaishinda, na mwaka uliofuata tukampeleka bungeni. Mpinzani wake alimwita wakili wa matope. Yeye akayachapisha maneno hayo kwenye mabango yake mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Alikaa bungeni miaka mingi na sifa yake ilikuwa moja: alisoma. Miswada huja kwa marundo, hakuna binadamu anayeimaliza, na wabunge wengi hupiga kura kwa kuangalia ubao wa taa ukutani. Kila jina lina taa yake, kijani ndiyo, nyekundu hapana. Jambo likiwa la ng'ombe, wote walitazama taa ya Verna Tull, mama mwenye ranchi huko mashariki. Likiwa la maji, walitazama ya Eufelia. Nilikuwa nawasikia kutoka roshani ya wageni. "Mondragón kaweka nini?" "Kijani." "Haya, kijani." Ndivyo jimbo lilivyoendeshwa, na msinicheke, kwenu sidhani mambo ni tofauti sana.

Lakini kulikuwa na kitu kinaninyima raha. Kila Januari tulipoteremka kwenda mji mkuu, upande wa kusini wa barabara ulikuwa umeota nyumba mpya. Nyumba nzuri, zenye nyasi mbele na bwawa la kuogelea nyuma, mtaa baada ya mtaa, kwenye ardhi ambayo tangu utoto wangu ilijulikana kwa nyoka na vumbi tu. Mabwawa yale yalikuwa matupu, yamepakwa rangi ya samawati, yanangoja.

"Hawa watu watakunywa nini?" nilimwuliza.

"Hilo ndilo swali ambalo hakuna anayetaka niliulize, Berna," akasema, macho yake barabarani.

Na vuli kabla ya hapo wanaume wawili wageni walionekana kwenye mlango mkuu wa mfereji wetu. Mmoja alishika fimbo yenye mistari, mwenzake alichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu. Mzee Celedonio Abeyta, msimamizi wa mfereji, yule anayepanga zamu za maji na kuamua ugomvi, aliwauliza wanapima nini. Wakasema hawapimi kitu. Wakamtakia siku njema kwa adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyomtisha mzee.

Muswada wa Eufelia wa mwaka huo ulikuwa mfupi: maji ya mfereji yasitoke mferejini bila kura ya wenye mfereji. Alikuwa ameshauleta mara kadhaa, na kila mara ulikufa kwenye kamati, kimyakimya. Safari hii Spika mwenyewe alimwita.

Spika Amadeo Bustos alikuwa mtu wa kwetu, tena huo ndio uchungu. Alizaliwa bonde la upande wa pili wa mlima, baba yake alimwagilia mahindi kama baba zetu. Sasa alivaa pete na alinukia vizuri. Ilikuwa Kwaresima, na kwenye meza yake kulikuwa na sahani ya pudini ya mkate kama ile ya bibi zetu. Alitukatia vipande kwa mkono wake.

"Dada Eufelia, mwaka huu muswada wako unapita. Nimeshaongea na wenzetu wa Seneti."

"Unataka nini, Amadeo?"

"Jamani. Mtu akikufanyia wema lazima awe na lake?"

"Wewe, ndiyo."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasukuma karatasi mezani. Hapa lazima nieleze kidogo. Bungeni kwetu kuna tarehe ambayo ikipita hakuna mbunge anayeruhusiwa kuleta muswada mpya. Sasa baada ya tarehe hiyo ukizuka moto wa msitu, au daraja likisombwa, bunge lingefanya nini? Ndiyo maana tangu zamani wabunge huwasilisha miswada mitupu. Juu kuna kichwa cha habari, Muswada wa Amani, Afya na Ustawi wa Umma, chini yake jina la mbunge aliyeuleta na sahihi yake, na ndani hamna kitu. Hamna hata nukta. Inakaa kabatini kama sufuria safi, na dharura ikija ndipo inapojazwa.

"Kila mtu ananisainia mmoja," Spika alisema. "Tarehe ya mwisho ni kesho."

"Kitaingia nini humu?"

"Naomba Mungu kisiingie kitu. Lakini ukiona milima ilivyokauka, msitu ukishika moto utanishukuru."

Eufelia alisaini. Alikuwa ameshasaini mingine miaka ya nyuma, mmoja uliwaletea wazima moto wetu gari la maji. Spika alikunja karatasi polepole, akaniuliza kama pudini ilikuwa na sukari ya kutosha.

"Mbona hukumbana?" nilimwuliza Eufelia kwenye ngazi.

"Ni desturi, Berna. Wote tunasaini. Na anayetaka kuujaza humwuliza kwanza mwenye jina."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Ingeandikwa ingeitwa sheria."

Spika alitimiza neno lake. Muswada wa mifereji ulipita bungeni kwetu, ukapita Seneti, ile nyumba ya pili, na Gavana akautia sahihi kabla hata bunge halijavunjwa. Rincón Pardo walipiga kengele ya kanisa. Mimi nililia, sioni haya kusema. Ila kila tulipokutana na Spika kwenye korido alikuwa akiniuliza hali ya wanangu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba nina watoto.

Kisha Mzee Celedonio alipiga simu. Kila mwaka kabla maji hayajaingia mferejini, siku moja huteuliwa, na kila nyumba lazima itoe mikono ya kuuzibua: kufukua tope, kukata mizizi, kutoa mawe. Asiyekwenda anaweza kumkodi mtu, lakini maneno atakayosemwa ni bora angekwenda. Kwa kawaida siku hiyo huja baada ya bunge kuvunjwa. Mwaka ule joto lilifika mapema, na kile kitheluji kidogo kilikuwa kinakwisha.

"Mheshimiwa, tunazibua Jumamosi," mzee alisema. "Maji yatakuja haraka na yatakwisha haraka. Kipande chako nimpe nani? Kuna vijana wa kukodi."

"Mzee Celedonio, umewahi kuniona nakodi mikono?"

"Zamani hukuwa mtu mkubwa. Sasa kucha zako zina rangi, nasikia."

"Nikifika nitakuonyesha rangi hiyo kwa beleshi."

"Tutaona kama ni wewe utakayefika au ni sauti yako redioni."

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya bunge. Saa sita mchana Spika hugonga rungu, na chochote ambacho hakijapita hufa. Nilimwambia asiende. Akasema muswada wetu umeshakuwa sheria, asubuhi ya mwisho ni maua na hotuba za kuagana, na hajawahi kukosa siku ya mfereji tangu apewe beleshi la kwanza. Angechimba kipande chake alfajiri, kisha arudi kabla ya kufungwa. "Kaa ofisini," akasema. "Pokea maua yangu."

Asubuhi ile sikupokea maua. Mhudumu aliniletea karatasi zilizotoka kuchapwa, bado zina joto. Juu nikaona Amani, Afya na Ustawi wa Umma, na chini yake jina la Eufelia. Ndani kulikuwa kumejaa. Kamati ya Seneti ilikuwa imekutana asubuhi hiyo hiyo ikaujaza, ikaupitisha, na sasa ulirudi kwetu kwa kura moja tu ya kukubali.

Mimi si mwanasheria, lakini maneno yalikuwa wazi. Katika mwaka wa ukame, ofisi ya maji ya jimbo inaweza kufunga mlango wa mfereji wowote, na maji yaachwe mtoni yateremke mpaka penye watu wengi zaidi. Bila kura ya wenye mfereji. Hayo ya mwisho yameandikwa hivyo hivyo. Na Eufelia alikuwa ameshanieleza siku nyingi kwamba sheria mbili zikigongana, ile iliyokuja baadaye huifuta ya mwanzo. Nikayaona yale mabwawa ya samawati.

Nilipiga simu kwenye duka la kijiji.

"Prudencia, nenda mferejini mwenyewe, sasa hivi. Mwambie Eufelia muswada mtupu umejazwa."

"Umejazwa nini?"

"Yeye ataelewa."

"Shoga, nina wateja hapa, tena mmoja anapima misumari."

"Prudencia, funga duka."

Nikasikia funguo.

Nilikimbia hadi mlango wa ukumbi. Nilitaka kumwona Verna Tull, maana jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kalamu pembeni: atausoma kwa niaba ya mwenziwe. Mlangoni alikuwepo Mzee Plácido, bawabu tuliyekuwa tukitaniana naye kila siku kuhusu kipara chake. Siku hiyo hakutania. Spika alikuwa ameagiza milango ifungwe, jambo ambalo hufanywa kuzuia wabunge wasitoroke kabla ya kura, na ikishafungwa haiingii hata karatasi.

"Nifikishie neno moja tu kwa Mama Verna."

"Bernadita, nimekula kiapo. Unataka nifukuzwe uzeeni?"

"Kuna watu watafukuzwa makwao, Plácido."

Aliangalia viatu vyake. Nikapanda ngazi kwenda roshani ya wageni.

Chini ukumbi ulikuwa umependeza, maua kila meza, wake za wabunge wamekaa kando na kofia zao. Spika alishika karatasi zile akatabasamu.

"Waheshimiwa, huu ni wa Mheshimiwa Mondragón. Mwenyewe ameomba radhi, hayupo. Na mnajua yuko wapi? Yuko mferejini kwake, anachimba tope." Kicheko kikapita ukumbini, kile kicheko cha upendo. "Niambieni, ni nani humu ndani anaijua kazi ya maji kuliko mtu huyu? Mama Verna atausoma kwa niaba yake."

Verna alisimama. Alikuwa mwanamke mnyoofu kama nguzo ya uzio. "Mimi mambo yangu ni ng'ombe," akasema. "Lakini kama Eufelia ndiye aliyeuandika, sina swali. Naomba tukubali."

Taa zikaanza kuwaka. Kijani, kijani, kijani, ubao mzima mpaka chini, isipokuwa taa ya Mondragón iliyobaki giza. Sikuona hata mmoja akifungua karatasi zake. Kwa nini afungue? Miaka yote hiyo Eufelia aliwasomea.

Ndipo mlango wa roshani ulipofunguliwa na akaingia, matope mpaka magotini, nywele zina vijiti. Aliutazama ubao. Rungu likagonga, kura imefungwa, muswada umepita.

"Mheshimiwa Spika," alisema kwa sauti ile ya mahakamani, "huo si wangu. Huo muswada si wangu."

Wale wa chini waligeuka. Walimwona pale juu, mchafu, amepauka, amesimama, nao wakafanya ambalo kila mtu mwema angefanya. Walisimama wakampigia makofi. Verna Tull alimpungia mkono. Eufelia alisema tena, nikaona midomo yake ikisema, na makofi yakazidi. Yalikuwa bado yanaendelea Spika alipogonga rungu la saa sita na kulivunja bunge.

Tulimkuta kwenye korido ya nyuma, anavaa koti.

"Kwa nini jina langu?" Eufelia alimwuliza. "Ulikuwa na miswada mitupu kabati zima."

Hakujifanya haelewi, namshukuru kwa hilo peke yake. "Ungekuwa na jina la mwingine wangeusoma, dada," akasema. Alionekana amechoka. "Nyumba zile zimeshauzwa. Watu wamo ndani. Ulitaka nifanye nini?"

Eufelia alikwenda kwa Gavana kumwomba asisaini. Gavana alimpa kiti, akamsikiliza, akamwuliza angewaeleza nini watu: kwamba amekataa muswada kwa ombi la aliyeuleta? Akasaini wiki hiyo. Eufelia akaenda mahakamani. Jaji alisema hakuna mfereji uliofungwa bado, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na mahakama haimtibu mtu ambaye hajaugua. Mfereji ukifungwa, arudi.

Tatizo ni kwamba Rincón Pardo hawakuwa na habari. Walichokijua ni ile sheria ya kwanza. Padri alisoma misa ya shukrani, akina mama wakapika nyama ya nguruwe na mahindi kwenye sufuria zile za harusi, na Eufelia akakalishwa meza ya mbele kama bibi harusi. Watoto walimletea maua ya karatasi. Alikula. Nilimwona anatafuna kipande kimoja kama mtu anayetafuna kitambaa.

"Waambie," nilimnong'oneza.

"Bado. Huenda mvua ikanyesha. Mwaka usipokuwa wa ukame sheria ile haina meno, na Januari nitaifuta."

"Na isiponyesha?"

"Nikiwaambia leo wataishi na hofu kuanzia leo. Wana nini cha kufanya nayo?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha akina mama kukaa mbele ya tingatinga, na hawezi sasa kuamua hofu ipi wanaiweza na ipi hawaiwezi. Alikuwa anaitazama milima juu ya vichwa vya watu, na milima ilikuwa imebaki mawe matupu.

Aprili haikunyesha. Mei upepo ulivuma kila siku ukachukua udongo. Redioni walitangaza kwamba mwaka huu ni wa ukame, kwa sauti ile ile ya kutangaza mechi. Watu wa bonde hawakushtuka, ukame tumeuzoea, tunagawana kidogo kilichopo. Pilipili zilikuwa zimefika magotini. Eufelia alikuja saluni kukatwa nywele, akakaa kitini, kisha akasimama akaondoka kabla sijashika mkasi.

Walikuja Juni, asubuhi. Lori la serikali, wanaume wawili wenye mnyororo na kufuli, na askari mmoja kijana wa kuwalinda. Kengele ya kanisa ililia na watu wakatoka mashambani na mabeleshi mikononi, wanaume kwa wanawake, wakasimama mbele ya mlango mkuu wa mfereji. Mimi na Eufelia tulifika na gari lake vumbi likiwa bado halijatulia. Mzee Celedonio alikuwa mbele kabisa. Hakuwa ameinua beleshi, lakini alilishika kwa mikono miwili.

"Mnafunga kwa amri ya nani?" aliuliza.

"Ni sheria, mzee wangu," kijana alisema, na uso wake ulionyesha kwamba angependa kuwa mahali pengine popote.

"Sheria ipi? Sheria yetu inasema mpaka sisi tupige kura. Mheshimiwa wetu ndiye aliyeileta."

Askari alifunua karatasi, akatafuta kwa kidole. "Hii ni nyingine, ya baadaye." Akasoma. "Imeletwa na Mheshimiwa Eufelia Mondragón."

Watu wote waligeuka kumtazama. Eufelia alifungua mdomo. Lakini Mzee Celedonio alikuwa ameshawageukia wenzake, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa umetulia, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

"Shusheni mabeleshi," akasema. "Kama ni ya Eufelia, ina sababu tusiyoiona sisi. Huyu hajatufanyia baya hata siku moja. Waacheni wafunge."

Nao wakashusha. Mmoja mmoja, bila kunung'unika, walisogea pembeni wakawapa njia watu wa mnyororo. Kuna mwanamke aliyemgusa Eufelia bega alipompita, kumtia moyo.

"Mzee, ngoja," Eufelia alisema. "Ngojeni. Si yangu. Sikuiandika."

"Jina si lako?"

"Ni langu. Nilisaini ikiwa tupu. Ndani hamkuwa na kitu, walijaza baadaye. Nimejua tangu Machi." Sauti ile ya mahakamani ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Kesho asubuhi nitafungua kesi. Sasa jaji hana la kusema, mfereji umefungwa. Nipeni wiki chache."

Kila aliyekuwa pale alijua pilipili inaishi siku ngapi bila maji. Mlango wa chuma ulishuka nyuma yao, mnyororo ukapitishwa.

Mzee Celedonio alimsogelea. Alikuwa amemjua tangu alipokuwa akimbeba begani kuvuka mfereji huo huo.

"Babu yangu Abeyta," alisema, "alikuwa na malisho ya mlima wote ule unaouona. Alikuja wakili mmoja, mpole, anaongea vizuri, akampa karatasi. Babu akaweka alama ya msalaba chini yake. Wakaandika juu walichotaka." Akapangusa udongo kwenye beleshi lake. "Lakini babu yangu hakujua kusoma."

Aliweka beleshi begani akaondoka kuelekea shambani kwake, na watu wakamfuata. Eufelia alibaki amesimama ukingoni. Maji yalikuwa bado yanapita, yale yaliyokuwa yameshaingia, na yalikuwa yanapungua.